Maisha ya Giovanni Battista Tiepolo, Mchoraji wa Dari

Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Giovanni Battista Tiepolo, mtu wa mji wa Venezia katika nchi ya Italia, aliyezaliwa mwaka wa 1696 na kufa mwaka wa 1770. Kazi yake ilikuwa kuchora. Alichora picha nyingi za kutundikwa ukutani kama wachoraji wengine, lakini jina lake lilienea kwa sababu ya dari: dari za makanisa, za nyumba za matajiri na za majumba ya wafalme. Alizijaza mawingu na malaika na farasi na watu waendao angani, hata mtu akisimama chini na kuinua macho yake hudhani ya kuwa paa limeondolewa na mbingu zimefunuka. Baadhi ya dari hizo zingali zipo. Nyingine zimeanguka, na za moja tutakayoieleza vimesalia vipande tu. Tutasimulia habari za mtu kwanza, kisha za kazi zake, maana kazi hizo zimekuwa na maisha yao wenyewe baada ya yeye kufa, na hayo hayakuwa maisha ya raha.

Baba yake, Domenico, alikuwa mfanya biashara mwenye fungu lake katika merikebu. Hakuwa mtu mkubwa, ingawa ulikuwako mjini ukoo wa mabwana wenye jina lile lile. Mtoto huyu alikuwa wa sita, naye alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu hivi baba yake alipokufa. Mama yake, Orsetta, akabaki mjane na watoto sita wa kulea. Kijana alipopata umri wa kujifunza kazi alitiwa kwa Gregorio Lazzarini, mchoraji mwenye sifa, na mwaka wa 1717, akiwa na miaka 21, aliandikwa katika chama cha wachoraji wa Venezia. Mwaka wa 1719 alimwoa Cecilia Guardi, ambaye ndugu zake nao walikuwa wachoraji. Wakapata watoto wengi. Wawili katika wana wao, Giandomenico na Lorenzo, waliifuata kazi ya baba yao, wakawa wasaidizi wake mpaka mwisho wa siku zake.

Hapa yafaa tueleze jinsi kazi ya kuchora dari ilivyofanywa, kwa kuwa mtu asiyeijua hataelewa yaliyotokea baadaye. Mwashi hupiga lipu ya chokaa na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la mwisho, jembamba na laini, hulipiga mahali padogo tu, kadiri ya mchoraji awezavyo kumaliza siku ile. Ndipo mchoraji apandapo jukwaani na kuchora, lipu ikiwa ingali mbichi, kwa rangi zilizochanganywa na maji matupu. Chokaa inapokauka hushikamana na hewa, hugeuka tena kuwa kama jiwe, na rangi hubaki zimefungwa ndani yake. Haibanduki kama rangi ya mafuta. Lakini mchoraji hana nafasi ya kusitasita. Lipu ikikauka kabla hajamaliza, au akikosea, hana budi kuibomoa na kuanza tena kesho yake. Wakati wa baridi kali kazi husimama, maana lipu haikauki ipasavyo. Naye kazini huinua uso na mkono juu siku nzima, akichora kwa karibu sana mambo yatakayotazamwa kutoka mbali, wala hawezi kujua kama mkono wa malaika umekaa sawasawa mpaka ashuke chini. Wasomaji wetu waliopata kupiga lipu hata kwenye dari ya chumba kidogo watakubali ya kuwa hii si kazi ya mtu mvivu.

Basi picha ya namna hii si mali ya kuchukulika. Ni mwili mmoja na nyumba. Nyumba ikisimama, picha yasimama. Nyumba ikianguka, picha yaanguka pamoja nayo.

Kazi kubwa ya kwanza ya Tiepolo ilikuwa katika mji wa Udine, kaskazini ya Venezia, alikoitwa na askofu mkuu Dionisio Dolfin miaka ya 1720 na kitu. Katika nyumba ya askofu alichora habari za kitabu cha Mwanzo: malaika akimtokea Sara, Hajiri nyikani, Raheli akiwa amevikalia vinyago vya baba yake, Yakobo akiota ndoto yake. Twaona ya kuwa hizi ni miongoni mwa kazi zake njema kupita zote. Sara amechorwa bikizee kweli kweli, hana meno, hana uzuri, naye amepigwa na bumbuazi mbele ya malaika. Baadaye, alipowachorea wafalme, Tiepolo hakupata tena nafasi ya kumchora bikizee kwa namna hiyo.

Mwaka wa 1731 alikuwa Milano, akichora dari tano katika nyumba ya ukoo wa Archinto. Sifa zake zikavuka milima. Mwaka wa 1736 mjumbe wa Uswidi alifika Venezia kumtafutia mfalme wake mchoraji, akamwona Tiepolo na kustaajabia wepesi wake: aliandika ya kuwa huyu humaliza picha katika muda ambao mwenzake angali anasaga rangi. Lakini mshahara aliopewa kutoka Uswidi haukumtosha, akakataa. Wala hatumlaumu, maana alikuwa na nyumba ya watu wengi, na Venezia palikuwa na kazi tele. Akachora dari ya kanisa la Gesuati, akaimaliza mwaka wa 1739. Tena kati ya mwaka wa 1743 na 1745 akachora dari ya kanisa la watawa Wakarmeli waendao pekupeku, liitwalo na watu Scalzi. Humo alionyesha malaika wakiichukua angani nyumba ya Mariamu ya Nazareti na kuipeleka Loreto, kama wasimuliavyo Wakatoliki. Msaidizi wake, Gerolamo Mengozzi Colonna, alichora nguzo na matao ya uongo kuizunguka picha, hata haikujulikana jengo la mawe laishia wapi na la rangi laanzia wapi. Katika pembe za dari walichorwa watu wa kawaida, wakiegemea ukingo na kutazama juu. Msomaji awakumbuke watu hao.

Sasa twafika kwenye kazi iliyo kubwa kuliko zote. Katika mji wa Würzburg, Ujerumani ya kusini, walitawala maaskofu waliokuwa pia wakuu wa nchi, wenye majeshi na kodi. Hao walijijengea jumba kubwa, na mjenzi wao alikuwa Balthasar Neumann, ambaye katika ujana wake alijifunza kazi ya kusubu kengele na mizinga. Juu ya ngazi kuu ya jumba lile Neumann alijenga kuba ya mawe yenye upana upatao mita 19 na urefu upatao mita 30, bila nguzo hata moja katikati. Akatumia jiwe jepesi lenye vitundu vitundu ili kuba isijilemee. Mafundi wengine walisema itaanguka. Husimuliwa ya kuwa Neumann aliwajibu kwa kutaka mizinga ipigwe chini yake, waone kama itatikisika. Hatuwezi kuapa ya kuwa ndivyo ilivyokuwa, lakini kuba ile ilikuja kujaribiwa kwa moto mkali kuliko wa mizinga, kama tutakavyoona.

Askofu Carl Philipp von Greiffenclau alitaka dari zake zichorwe. Kwanza alidanganywa na mtu mmoja kutoka Milano aliyejisifu kuwa bingwa, kumbe hakuiweza kazi, akafukuzwa. Ndipo akaitwa Tiepolo. Akafika mwezi wa Desemba 1750 pamoja na Giandomenico, kijana wa miaka 23, na Lorenzo, mvulana wa miaka 14. Akaanza na ukumbi wa kaisari kwa ujira wa gulden 10,000, akaumaliza mwaka wa 1752. Askofu alipouona, akampa na dari ya ngazi kuu. Katika miezi ya baridi Tiepolo alishuka jukwaani na kuchora picha za mafuta. Mojawapo, ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto, aliichorea nyumba ya watawa ya Münsterschwarzach iliyo karibu na Würzburg. Picha hiyo iko Munich leo. Wasomaji wetu wa kusini ya Tanzania watalitambua jina hilo, kwa kuwa abasia ya Ndanda ina undugu na watawa wa Münsterschwarzach.

Dari ya ngazi kuu ilikwisha mwezi wa Novemba 1753. Katikati yake ni mbingu na jua linalopambazuka, na Apolo, mungu wa Wayunani wa kale, akitoka nalo. Kuizunguka, katika pande nne za ukingo, yamo mabara manne. Amerika ni mwanamke mwenye taji la manyoya ya ndege, amempanda mamba mkubwa. Asia amempanda tembo. Afrika ni mwanamke mweusi aketiye juu ya ngamia. Karibu yake yuko mto Nile katika sura ya mzee, wako wafanya biashara na mizigo yao, na nyani amvutaye mbuni manyoya ya mkia. Ulaya peke yake hakupanda mnyama, ila ameketi katika kiti cha enzi, amezungukwa na wapiga ala na wachoraji, na juu yake sura ya askofu Greiffenclau yachukuliwa mbinguni. Tiepolo hakufika Afrika, wala Asia, wala Amerika. Alichora kwa kufuata vitabu vya mifano walivyotumia wachoraji wa siku zile. Mwafrika aitazamaye dari hiyo leo atacheka kidogo, tena atauliza kwa nini bara moja lapewa kiti na mengine yapewa wanyama. Jibu ni kwamba mwenye kulipa alikaa Ulaya. Wala sisi hatuoni kuwa yafaa mchungaji wa kanisa kupandishwa mbinguni akiwa hai bado, mbele ya miungu ya Wayunani. Lakini mwanamke yule wa Afrika hakuchorwa kwa dharau. Uso wake una heshima, na rangi zake ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa darini.

Neumann naye yumo, ameketi juu ya mzinga, katika mavazi ya askari. Alikufa tarehe 19 Agosti 1753, majukwaa yakiwa bado hayajashushwa. Askofu akafa mwaka uliofuata.

Tiepolo akarudi kwao, akaendelea na kazi. Mwaka wa 1762 akaitwa na Karolo wa Tatu, mfalme wa Hispania. Alikuwa na umri wa miaka 66, na safari ilikuwa ndefu, lakini akaenda pamoja na wanawe wawili, mkewe akabaki Venezia. Huko Madrid akachora dari ya chumba cha kiti cha enzi, akaimaliza mwaka wa 1764, pamoja na nyingine mbili katika jumba lile. Hakurudi tena. Aliomba kazi zaidi, akapewa picha saba za altare kwa kanisa moja la Aranjuez, akazimaliza mwaka wa 1769. Tarehe 27 Machi 1770 akafa ghafula. Picha zile ziliwekwa kanisani baada ya kufa kwake, lakini hazikukaa. Mitindo ilikuwa imebadilika. Wakuu wa Madrid sasa walipenda wachoraji wenye mistari mikavu na miili iliyotulia kama sanamu. Kabla ya miaka mingi ziliondolewa, zikawekwa za watu wengine mahali pake, na mojawapo ilikatwa vipande, ambavyo leo viko katika nyumba ya picha ya Prado. Kanisa la San Martín alimozikwa lilibomolewa, na kaburi lake halipo.

Hayo ndiyo maisha ya mtu. Sasa tufuate dari zake.

Mwezi wa Oktoba 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, ndege za Austria zilikuja usiku juu ya Venezia. Karibu na kanisa la Scalzi pana stesheni ya gari la moshi, nayo yadhaniwa ndiyo waliyoitafuta. Bomu likapiga kanisa. Dari ya Tiepolo, iliyokaa miaka 170, ikawa kifusi sakafuni. Baadaye kuba ilijengwa upya, ikawekwa picha ya mchoraji mwingine. Katika ile ya kwanza viliokolewa vipande vichache vya pembeni, na leo viko katika nyumba ya picha ya Accademia mjini humo. Ni wale watu wa kawaida walioegemea ukingo na kutazama juu. Wangali wakitazama, nyuso zao zimejaa mshangao, lakini walichokitazama hakipo. Mtu akitaka kukijua sharti atafute michoro midogo ya mafuta ambayo Tiepolo aliifanya kwanza ili kuwaonyesha watawa, au picha za kamera zilizopigwa kabla ya vita.

Mwezi wa Agosti 1943 mabomu yakaanguka Milano, na dari zote tano za nyumba ya Archinto zikateketea. Zilizobaki ni picha za kamera na michoro michache ya mafuta iliyotawanyika duniani: mmoja uko Lisbon, mwingine New York, mwingine Los Angeles. Mwaka wa 2019 nyumba ya picha ya Frick huko New York iliikusanya baadhi yake pamoja na picha zile, watu wakapata kuona jinsi zilivyokuwa.

Wala si vita tu viharibuvyo. Pale Münsterschwarzach, Neumann alikuwa amejenga kanisa kubwa, na dari zake zilichorwa na Johann Evangelist Holzer, kijana aliyekufa mwaka wa 1740, mwenye kipawa ambacho wengi walikilinganisha na cha mabingwa wa Italia. Mwaka wa 1803 serikali iliifunga nyumba ya watawa, kisha kanisa likabomolewa, na dari za Holzer zikaenda pamoja na mawe. Hapakupigwa risasi hata moja.

Hapa twapenda kutaja habari moja inayotuhusu sisi Walutheri. Katika mji wa Hildesheim kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, ambalo limekuwa la Walutheri tangu mwaka wa 1542. Dari yake ilichorwa katika karne ya 13, nayo yaonyesha shina la Yese, tangu Adamu na Hawa mpaka kwa Kristo. Lakini haikuchorwa juu ya lipu, bali juu ya mbao za mwaloni zipatazo 1,300. Mwaka wa 1943 watu waliiona hatari, wakazishusha mbao zile na kuzificha. Tarehe 22 Machi 1945 kanisa likapigwa na kuungua. Mbao zikasalimika, nazo zikarudishwa juu kanisa lilipokwisha kujengwa upya. Waliochukua mbao hawakufanya muujiza; walikuwa na kitu kinachochukulika. Watu wa Würzburg hawakuwa nacho.

Siku 6 kabla ya hapo, jioni ya tarehe 16 Machi 1945, ndege za Uingereza zilikuja juu ya Würzburg. Kwa muda usiofika nusu saa mji wa zamani uliteketea karibu wote, wakafa watu wapatao 5,000. Twajua ya kuwa mbele ya hesabu hiyo habari za dari ni ndogo, wala hatutaki kuzilinganisha. Jumba la maaskofu nalo likashika moto. Kenchi zote za paa ziliungua na kuanguka juu ya kuba ya ngazi kuu. Kuba haikuanguka. Mawe mepesi ya Neumann yaliushika mzigo wa boriti zilizowaka, na chini yake, katika nyumba iliyokuwa magofu, dari ya Tiepolo ilikuwa ingali mahali pake.

Lakini haikuwa salama. Tumesema ya kuwa rangi iliyo ndani ya chokaa haifutiki upesi, na ni kweli kwa maji yapitayo juu ya uso wake. Maji yatokayo nyuma ni jambo lingine. Mvua ikinyesha juu ya kuba isiyo na paa hupenya katikati ya mawe, huilowesha lipu, nayo huvimba, hutoa chumvi na kuachana na jiwe. Majira machache tu yangemaliza kile ambacho moto ulishindwa. Mwezi wa Juni 1945 akafika ofisa mmoja Mmarekani, John Davis Skilton, aliyetumwa na jeshi kuangalia majengo na kazi za sanaa. Akaona maji yanapenya. Mji wote ulikuwa hauna mbao, kwa kuwa kila mtu alitafuta za kujisitiri. Skilton akatafuta magogo katika mto Main, akatafuta mahali pa kuyapasua, akatafuta maseremala miongoni mwa watu ambao nyumba zao wenyewe zilikuwa majivu. Katika miezi iliyofuata wakaifunika kuba kwa paa la muda. Lilikuwa paa la mbao tupu lisilo na uzuri wowote.

Ukarabati wa jumba lote ulichukua zaidi ya miaka 40, mpaka mwaka wa 1987. Kati ya mwaka wa 2003 na 2006 mafundi walipanda tena jukwaani chini ya kuba, karibu kama alivyokaa Tiepolo, wakaisafisha dari na kuimarisha lipu palipolegea. Leo mtu apandaye ngazi ile humwona kwanza Amerika na mamba wake, kisha Afrika na Asia kila mmoja upande wake, na akigeuka, Ulaya. Katika pembe moja upande wa Ulaya amejichora Tiepolo mwenyewe, mzee kidogo, amechoka, na kando yake mwanawe Giandomenico.